Mwanga, Damu na Saratani ya Kinywa: Tumemlinganisha Nani na Nani?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wa kinywa na meno, wataalamu wa maabara, na ninyi wanafunzi mliokaa hadi kwenye ngazi kwa kukosa viti: asanteni sana kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie upimaji wa damu kwa kutumia mwanga, kwa lengo la kuwatambua mapema watu wenye saratani ya kinywa. Nitaeleza jinsi kipimo chenyewe kinavyofanya kazi, maana ni kazi nzuri ya sayansi na inastahili kueleweka. Lakini muda wangu mwingi nitautumia kwenye swali moja ambalo naliona likirukwa kila mara matokeo mazuri yanapotangazwa. Swali ni hili: hao wagonjwa wamelinganishwa na nani?

Tuanze na ugonjwa. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 watu karibu 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 188,000 walifariki kwa ugonjwa huo. India peke yake hubeba zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hao wapya, na kwa wanaume wa nchi hiyo hakuna saratani inayoishinda hii kwa wingi. Visababishi vyake tunavifahamu: tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kunusa au ya kutafuna; pombe; na popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja na tambuu, ambayo shirika hilohilo liliitangaza kuwa inasababisha saratani hata ikitafunwa bila tumbaku. Anayevuta na kunywa hajiongezei hatari mbili tu, kwa sababu pombe na tumbaku zikikutana hukuzana.

Sasa niseme linaloniuma. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na ovari ziko ndani ya nyonga. Mtu akifa kwa saratani ya viungo hivyo kwa sababu iligundulika ikiwa imechelewa, tunaelewa kwa nini. Lakini kinywa! Kinywa hufunguliwa kila siku, mtu anakula, anaongea, anapiga mswaki, na bado wagonjwa wengi wanamfikia daktari uvimbe ukiwa umekwisha kushuka kwenye tezi za shingo. Tofauti ya kuwahi na kuchelewa inatisha. Takwimu za Marekani, zinazojumuisha kinywa na koo, zinaonyesha kuwa saratani ikikutwa bado iko mahali pake ilipoanzia, zaidi ya watu 8 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikikutwa imesambaa hadi viungo vya mbali, ni kama 4 kati ya 10. Na hao walionusurika baada ya kuchelewa, wengi wamepoteza sehemu ya ulimi au taya. Wanameza kwa shida, wanaongea kwa shida, wengine hawakubali tena kula mbele ya watu.

Kwa nini watu huchelewa? Kwanza, saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi. Kinachomfikisha mtu hospitali ni maumivu, na hapa maumivu huja mwishoni. Pili, inajifananisha na mambo madogo: kidonda kinachodhaniwa kimesababishwa na jino lenye ncha, doa jeupe lisilotoka hata likifutwa, doa jekundu laini kama mahameli ambalo mtu hata halihisi. Hilo jekundu ndilo la kuogopwa zaidi, ingawa ndilo linalopuuzwa zaidi. Tatu, na hili nalisema mbele ya wenzangu bila kuficha, wahudumu wengi wa afya hutazama koo na meno tu. Uchunguzi kamili wa kinywa unataka taa, kioo kidogo na kipande cha shashi. Unaishika ncha ya ulimi kwa shashi, unauvuta taratibu upande mmoja, unatazama ubavu wake mpaka nyuma kabisa, kisha upande wa pili. Unamwambia mgonjwa anyanyue ulimi ugonge kaakaa, unakagua sakafu ya kinywa, halafu unaipapasa kwa vidole viwili, kimoja ndani ya kinywa na kingine chini ya kidevu. Ubavu wa ulimi na sakafu ya kinywa ndizo sehemu ambazo ugonjwa huu hupenda kuanzia, na ndizo zisizoonekana mtu akiambiwa tu "sema aaa".

Tunao ushahidi kwamba kutazama huko kunaokoa maisha. Huko Kerala, kusini mwa India, ulifanyika utafiti ulioanza mwaka 1996 ukihusisha watu zaidi ya 190,000 wenye umri wa miaka 35 na kuendelea. Maeneo yaligawanywa kwa bahati nasibu. Katika baadhi yake, wahudumu waliopewa mafunzo, wasio madaktari, walipita nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa vya watu. Katika mengine, watu waliendelea na huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 kwenye maeneo yaliyochunguzwa. Kwa watu wote kwa jumla, wanaotumia na wasiotumia, upungufu haukuwa mkubwa kiasi cha kuondoa shaka ya kitakwimu. Naomba mlishike hilo la pili pamoja na la kwanza, kwa sababu nitalirudia nikifika kwenye hesabu.

Mtaniuliza: kama jicho linatosha, damu ya nini? Jicho halitoshi kwa kila kitu. Madoa meupe ya kinywani ni mengi, na machache tu kati yake hugeuka saratani. Jicho haliwezi kusema lipi. Ili kujua, inabidi kuchukua kinyama, yaani kukata kipande kidogo cha doa lenyewe, kukipeleka maabara, na kusubiri mtaalamu wa patholojia akione kwenye hadubini. Kinyama kinauma, kinaacha kidonda, na doa likiwa kubwa huenda kipande kilichokatwa si kile chenye tatizo. Halafu wako watu ambao hawatafungua kinywa mbele ya mhudumu kwa sababu ya aibu, au ambao midomo yao haifunguki tena, maana popoo hukakamaza mashavu mpaka mtu anashindwa kuingiza vidole viwili kati ya meno. Watu haohao hutoa damu bila shida wanapopimwa mambo mengine. Kama tone la damu hiyo lingeweza kutuambia ni nani wa kutazamwa kwanza, lingekuwa msaada mkubwa kweli.

Basi tuingie maabara.

Damu inatolewa mkononi kama kawaida, inaachwa isimame mpaka igande, kisha kichupa kinawekwa kwenye mashine ya kuzungusha. Seli zinazama chini, juu kunabaki maji ya rangi ya manjano iliyopauka. Hiyo ndiyo seramu. Ndani yake mna protini, ambazo zaidi ya nusu ni albumini, mna mafuta, sukari, amino asidi, na mabaki ya kazi ya kila kiungo cha mwili. Fundi anadondosha tone dogo, anaelekeza mwanga wa leza juu yake, na baada ya muda mfupi anapata mchoro wenye vilima na mabonde. Mchoro huo tunauita spektra. Hakuna kemikali ya kuongeza wala kiini cha rangi, na tone lenyewe halifiki hata sehemu ya kumi ya kilichomo kwenye kichupa.

Mchoro huo unatoka wapi? Mwanga ukigonga molekuli, karibu wote hurudi ukiwa na rangi ileile uliyokuja nayo. Sehemu ndogo mno, kama chembe moja ya mwanga katika mamilioni, huiachia molekuli nguvu kidogo au huchukua nguvu kutoka kwake, ikarudi ikiwa imebadilika rangi. Kila aina ya kifungo cha kikemia hubadilisha mwanga kwa kiasi chake. Aliyeligundua hili ni Chandrasekhara Venkata Raman, pamoja na K. S. Krishnan, mjini Kolkata mwaka 1928. Raman alikuwa amesafiri kwa meli kutoka Uingereza mwaka 1921, akavutiwa na buluu ya Bahari ya Mediterania, na hakuridhika na jibu kwamba bahari inaakisi tu anga. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kwa miongo mingi mbinu yake haikuweza kutumika hospitalini kwa sababu mwanga unaobadilika ni hafifu mno. Leza ilipopatikana mwaka 1960, na baadaye vihisio vyenye kunasa mwanga kidogo kabisa, mambo yakabadilika.

Kwa seramu, wengi hutumia leza ya nanomita 785, ambayo iko nje kidogo ya mwanga unaoonekana kwa macho. Sababu ni ya kiutendaji: leza ya kijani au buluu huifanya seramu ing'ae yenyewe, na mng'ao huo hufunika ile ishara hafifu tunayoitafuta. Kwenye mchoro, namba za chini huonyesha mwanga umebadilika kwa kiasi gani. Kilima kimoja chembamba husimama karibu na namba 1004, nacho ni cha fenilalanini, mojawapo ya amino asidi. Vingine viwili, karibu na 1157 na 1520, ni vya karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa tunazozipata kwenye mboga na matunda. Kuna kilima kipana karibu na 1655 kinachotokana na uti wa protini. Tafiti kadhaa zimeona kwamba kwa wagonjwa wa saratani vilima vya karotenoidi hupungua na vya protini hubadilika. Kwa sababu tofauti ni ndogo na zimetawanyika kwenye mchoro mzima, jicho halizioni. Kompyuta hufundishwa kwa michoro ya wagonjwa na ya wazima ili ijue kuyatenga makundi hayo mawili.

Ziko njia nyingine mbili za mwanga. Ya infraredi hupima kiasi cha mwanga kinachomezwa na molekuli badala ya kinachotawanywa. Ni nzuri na ya haraka, ila maji humeza infraredi kwa pupa, palepale protini zinapoonekana, kwa hiyo tone hukaushwa kwanza, na jinsi lilivyokauka huathiri mchoro. Ya tatu ni kutumia mng'ao wenyewe. Plazima, yaani maji ya damu iliyozuiwa isigande, ikimulikwa kwa urujuanimno, hung'aa kwa sababu ya triptofani, ambayo ni amino asidi, na vibeba-nguvu vya seli. Ikimulikwa kwa mwanga wa zambarau wa nanomita 405 au karibu na hapo, porfirini, kemikali ambazo mwili huzitumia kutengeneza rangi nyekundu ya damu, hung'aa nyekundu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Anna, Chennai, walichapisha kazi ya namna hii juu ya plazima ya wagonjwa wa saratani ya kinywa tangu mwaka 2003.

Habari ya huo mng'ao mwekundu ina funzo la zamani zaidi. Mwaka 1924, Mfaransa Albert Policard aliona uvimbe wa saratani ukitoa mwanga mwekundu ulipomulikwa kwa urujuanimno. Alitambua kwamba ni porfirini, lakini pia alihusisha porfirini hizo na bakteria walioingia kwenye uvimbe. Miaka mia moja iliyopita, basi, mtu wa kwanza kuuona mwanga huo alijiuliza kama anaona saratani au anaona kinachoambatana nayo. Nawaomba tusiwe wavivu kuliko yeye.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Chukueni utafiti wa kawaida wa eneo hili. Wagonjwa 50 wa saratani ya kinywa kutoka wodini, watu 50 wazima wa kulinganisha nao. Kompyuta inawatenga kwa usahihi wa asilimia 95, na makala inachapishwa. Sasa tuwatazame hao watu wenyewe. Wagonjwa wana wastani wa miaka 55, wengi ni wanaume, wamevuta au kutafuna tumbaku maisha yao yote, ufizi wao una maambukizi, wamekonda kwa sababu wiki nyingi wanashindwa kutafuna, wengine wamekwisha kuanza dawa. Wazima ni wanafunzi na wafanyakazi wa maabara waliojitolea: vijana, hawavuti, wanakula vizuri, meno yao masafi. Kompyuta imetenga makundi mawili, hilo sina shaka. Lakini imeyatenga kwa kigezo gani? Karotenoidi hushuka kwa mtu yeyote asiyekula mboga na matunda. Hushuka kwa wavutaji wa sigara hata wasio na saratani. Hilo linajulikana kwa miaka mingi. Protini za uvimbe-joto, zile zinazoongezeka mwili unapopambana na maambukizi, hupanda kwa ufizi unaotoa usaha. Albumini hushuka kwa utapiamlo. Kwa hiyo inawezekana kabisa tumejenga mashine ya bei kubwa inayotambua mvutaji mwenye njaa na meno mabovu, na tumeiita mashine ya saratani.

Kundi linganishi linalostahili ni gumu kulipata, na ndiyo maana watu hulikwepa. Tunamhitaji mvutaji wa miaka thelathini ambaye kinywa chake hakina kitu. Tunamhitaji mwenye doa jeupe lililochukuliwa kinyama na kukutwa halina hatari, na mwenye doa lililokutwa limeanza kuharibika. Tunamhitaji mwenye ufizi ulioharibika tu, mwenye mashavu yaliyokakamaa kwa popoo, na mwenye saratani ya mahali pengine mwilini. Huyu wa mwisho ni muhimu: kama mchoro wa saratani ya matiti unafanana na wa kinywa, basi tunachokiona ni mwili unaopambana na saratani yoyote, na hatujui tumwambie mgonjwa aende kwa daktari gani. Walioifanya kazi hii kwa uaminifu wapo. Kundi la Kituo cha Tata Memorial huko Mumbai, katika tafiti zao za seramu kwa mbinu ya Raman, liliwaingiza watu wenye madoa ya hatari na wagonjwa wa saratani nyingine. Namba zao zilikuwa za kiasi, si zile za asilimia 95. Mimi naziamini zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Ipo historia ambayo kila mwanafunzi wa upimaji wa damu angepaswa kuijua. Mwaka 2002, jarida kubwa la tiba, The Lancet, lilichapisha utafiti uliotumia muundo wa protini za seramu kutambua saratani ya ovari. Haukuwa wa mwanga, ulikuwa wa kupima uzito wa protini, ila mantiki ilikuwa hii yetu: mchoro tata, kompyuta, wagonjwa kwa wazima. Ulitambua wagonjwa wote 50 kati ya 50, na wazima 63 kati ya 66. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa nini yasiwe? Ugonjwa wenyewe unaua. Baadaye wanatakwimu, akiwemo Keith Baggerly wa Houston, walizikagua data zilizowekwa hadharani, wakaonyesha kwamba sehemu ya tofauti ilikuwa mahali kwenye mchoro ambapo hapana maana ya kibiolojia, na kwamba ilielezeka kwa jinsi sampuli zilivyoshughulikiwa. Kipimo hicho hakikufika kwa wanawake waliokisubiri. Wale watafiti hawakudanganya mtu. Mashine ilitafuta tofauti ikaipata, maana hiyo ndiyo kazi iliyopewa.

Kwa hiyo, ninyi wa maabara, mambo madogo ndiyo yanayotunza ukweli. Damu ya wagonjwa ikitolewa asubuhi kabla ya kula na ya wazima baada ya chakula cha mchana, mafuta ya chakula yataonekana kwenye mchoro. Seli zikipasuka kwa sindano nyembamba au mkono wenye haraka, hemoglobini itaingia kwenye seramu na kuvuruga kila kitu. Kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda hutoa plazima, kisicho nayo hutoa seramu, na viwili hivyo visichanganywe. Sampuli iliyokaa miaka miwili kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri isilinganishwe na ya jana, hasa kama imeyeyushwa na kugandishwa tena. Changanyeni wagonjwa na wazima kwenye kila siku ya kazi. Anayeendesha leza asijue kichupa ni cha nani.

Na ninyi wa kompyuta: mtu mmoja mara nyingi hupimwa michoro kadhaa. Baadhi ya michoro yake ikitumika kufundishia na mingine kujaribia, mashine itamtambua mtu, haitautambua ugonjwa. Ni sawa na mwalimu anayetunga mtihani kwa maswali yaleyale aliyoyafanya ubaoni, kisha akashangilia ufaulu. Tengeni watu, msitenge michoro. Kisha pelekeni mashine kwenye hospitali nyingine, yenye kifaa kingine na fundi mwingine, mkaone inabaki na nini.

Tufanye hesabu sasa. Tuchukulie kipimo kizuri kuliko vingi tulivyonavyo: kinakamata wagonjwa 90 kati ya kila 100, na kinawaachia wazima 90 kati ya kila 100. Tukipeleke kwa watu 100,000 wa kawaida, na tuseme mmoja katika kila 1,000 ana saratani ya kinywa, kiwango ambacho kwa sehemu nyingi ni kikubwa kupita kiasi. Wagonjwa ni 100; tutawakamata 90. Wazima ni 99,900. Tutawashtua 9,990 bila sababu. Kwa kila mtu atakayeambiwa damu yake ina shaka, uwezekano wa kuwa na ugonjwa haufiki hata mmoja katika mia. Watu elfu kumi watalala na hofu, watapanga foleni kwa madaktari wachache, na wale 90 watakuwa katikati ya foleni hiyo wakisubiri. Wale 10 tuliowakosa watarudi nyumbani wametulia, na hao ndio wanaoninyima usingizi.

Badilisheni kundi. Watu 1,000 wanaotumia tumbaku na pombe kwa muda mrefu na ambao mhudumu amekwisha kuona kinywani mwao doa au kidonda kisichopona. Tuseme 20 kati yao wana saratani. Kipimo kilekile kitawakamata 18, na kitawashtua wazima 98. Sasa kwa kila watu sita au saba wenye majibu ya shaka, mmoja ni mgonjwa kweli. Hii ni foleni inayobebeka. Ni jambo lilelile lililoonekana Kerala: faida ilikuwa kwa walio hatarini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mwanga huu usipelekwe kwa watu wote, na usichukue nafasi ya kutazama kinywa. Mahali pake ni katikati, kati ya jicho la mhudumu na kisu cha kinyama, kwa watu walio hatarini, kusaidia kupanga nani atangulie. Na kidonda kilichopita wiki mbili au tatu bila kupona kisisubiri mwanga wowote. Seramu ikisema ni salama na kidonda bado kipo, kidonda ndicho kinachosema kweli mpaka kinyama kikatae.

Kuna matumizi mengine ambayo naona yana matumaini zaidi, na sijui kwa nini hayazungumzwi sana: kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji. Saratani ya kinywa ina tabia mbaya ya kurudi, au ya kuanza upya mahali pengine kinywani. Hapa tunaweza kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: damu yake ya kabla ya upasuaji, ya baada ya kupona jeraha, ya miezi inayofuata. Mazoea yake ya kula na kuvuta tunayajua na tunaweza kuyaandika. Swali nililoanza nalo, la nani amelinganishwa na nani, hapa linapata jibu jepesi kuliko mahali pengine popote. Kama ningekuwa na fedha za utafiti mmoja tu, ningeziweka hapa.

Kabla sijaketi, kuna mtu mmoja ambaye hatujampangia lolote. Ametoa damu, mwanga umesema kuna shaka, daktari ametazama kinywa chote kwa shashi na kioo, hakuona kitu. Kinyama cha kukata hakuna. Tunamwambia nini? Tukimwambia "nenda, uko salama", tumeitupa taarifa tuliyoitafuta kwa gharama. Tukimwambia "una dalili za saratani", tumesema tusichokijua. Mimi ningemwambia hivi: kipimo hiki kikisema kuna shaka, hukosea mara nyingi kuliko kinavyopatia, kinywa chako leo ni safi, tumbaku inaweza kuwa ndiyo iliyobadilisha damu yako, na tungependa kukusaidia kuiacha, urudi baada ya miezi mitatu tukutazame tena, na ukiona kidonda au doa kabla ya hapo usingoje tarehe. Kisha lazima awepo mtu mwenye kazi ya kumpigia simu asipokuja. Kila mradi wa kupima damu kwa mwanga ninaoletewa nisome, siku hizi natafuta kwanza ukurasa unaomtaja mtu huyo mwenye simu, mshahara wake na nani atamlipa. Ukurasa huo ukikosekana, mradi naurudisha kwa wenyewe wauandike.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.